Spika Zako Si Mbovu, Zimekaa Tu Vibaya

Wasee wa Voi, leo nasema kitu kitakachoudhi watu wawili: yule anayebadilisha spika kila baada ya miezi sita, na yule anayemuuzia.

Vijana wengi huku kwetu wenye spika ndogo za rafu, zile jozi za mbao zenye wufa moja na twita moja, hawajawahi kuzisikia. Wanazo, wamezilipia, zinapiga kelele kila jioni, lakini kuzisikia bado. Moja iko sakafuni nyuma ya kochi, nyingine iko juu ya friji. Au zote mbili zimebanwa juu ya kabati la TV, zimegusa ukuta, katikati kuna maua ya plastiki. Halafu mtu analalamika, "hizi spika besi ni nyingi mpaka maneno hayasikiki," ama "hizi hazina besi kabisa." Anauza, anaongeza doo, ananunua kubwa zaidi. Anaziweka palepale.

Bana, tulia kidogo. Kabla hujanunua kingine chochote, tafuta stendi. Na kama uko Taita Taveta, usiagize mbali. Nenda kwa fundi wa kuchomelea, huyo huyo anayetengeneza mageti na madirisha. Nitaeleza kwa nini, na nitakupa vipimo vya kumpelekea.

Jina ndilo lilituchanganya

Zinaitwa spika za rafu, kwa hivyo mtu anaona ni halali kuziweka kwenye rafu. Lakini lile jina lilikuja kuelezea ukubwa. Zamani ukitaka besi ya maana nyumbani ulihitaji kasha kubwa kama friji. Mwaka 1954 kampuni ya Marekani, Acoustic Research, ya kina Edgar Villchur na Henry Kloss, ilitoa spika iliyoitwa AR-1. Kasha lake lilifungwa kabisa, na hewa ya ndani ikatumika kama springi ya kuirudisha wufa. Ghafla besi nzito ikatoka kwenye kasha ambalo mtu mmoja angeweza kulibeba. Watu wakaona spika nzuri sasa zinatosha kwenye rafu, na jina likabaki.

Simu ya mkononi nayo inashinda mfukoni na hakuna anayelalamika. Jina halikupangii mahali pa kuweka kitu.

Pa kuiweka panaamuliwa na mambo matatu: urefu wa sikio lako, kile kilicho chini ya spika, na ukuta ulio nyuma yake. Stendi nzuri inakusaidia kwa yote matatu.

Kwanza, urefu

Sauti nyembamba, yaani matoazi, kayamba na zile "s" za mwimbaji, zinasafiri kama mwanga wa tochi. Besi inasambaa kama moshi, inafika kila kona. Twita ndiyo tochi yako. Spika ikiwa sakafuni, tochi inamulika magoti.

Tufanye hesabu. Umekaa kwenye kochi, sikio lako liko sentimita 95 kutoka chini. Spika iko sakafuni, twita iko sentimita 22 kutoka chini ya kasha. Tofauti ni sentimita 73. Ukiwa umbali wa mita 2, unasikiliza ukiwa digrii 20 juu ya mstari wa twita. Ukikaa mita 1.2, kama ilivyo kwenye keja nyingi, ni zaidi ya digrii 30. Sauti nyembamba inapungua, unaongeza trebo, masikio yanachoka.

Na kuna jambo baya zaidi. Wufa na twita zinapokezana kazi, na kwa spika nyingi za aina hii makabidhiano yanatokea kati ya hezi 2000 na 3000. Ukiwa usawa wa twita, sauti za koni zote mbili zinakufikia kwa mpangilio. Ukiwa juu sana au chini sana, moja inachelewa kidogo, zinagongana, nyingine inaila nyingine. Na eneo hilo ndilo linalobeba ukali wa maneno. Kwa hivyo ukisikia rapa anaongea kama ana ugali mdomoni, usimlaumu kabla hujainua spika. Ndiyo maana pia usizilaze kwa ubavu ukiweza kuepuka: zikilala, tatizo hilo linahamia kushoto na kulia, mahali ambapo kichwa chako kinatembea kila saa.

Dawa ni tepu ya kupimia. Kaa vile unavyokaa siku zote, si vile unavyokaa ukipigwa picha ya kitambulisho. Mtu akupimie kutoka sakafuni hadi sikioni. Kisha pima kutoka chini ya kasha la spika hadi katikati ya twita. Toa cha pili kutoka cha kwanza. Hicho ndicho kimo cha stendi yako.

Kwa mfano wetu: 95 toa 22 ni sentimita 73.

Wewe unayekaa kwenye mkeka, sikio likiwa sentimita 75, stendi yako ni 53. Wewe unayekaa mbele ya kompyuta, sikio liko kama 115, na meza yako ina 75: unahitaji kistendi cha mezani cha sentimita 18. Unaona shida ya kuagiza? Stendi nyingi za dukani ni za inchi 24, yaani sentimita 61. Zimetengenezewa kochi la mtu mwingine.

Usiwe mtumwa wa namba lakini. Ukikosea sentimita 10 kwa umbali wa mita 2, hiyo ni kama digrii 3 tu. Weka kabari ndogo chini ya spika uiinamishe, yameisha.

Pili, kitu kilicho chini yake

Wufa ikisukuma hewa mbele, kasha nalo linasukumwa nyuma. Ni kidogo sana, huwezi kuona kwa macho, lakini linatokea mara nyingi kila sekunde. Mtetemo huo lazima uende mahali. Kabati la TV la ubao mwembamba, tupu ndani, ni ngoma kabisa: lina uwazi na lina kitu cha kupigwa juu. Kwa hivyo pale sebuleni una vitu vitatu vinavyotoa sauti, spika mbili na kabati. Na la tatu halijui wimbo.

Jaribu. Cheza ngoma yenye besi nzito, weka kiganja juu ya kabati. Ukihisi linatetemeka, linaimba na wewe. Weka sarafu mbili zikiwa zimegusana juu yake. Zikianza kupiga kelele, umepata ushahidi wa kupeleka kortini.

Stendi nzuri hainyamazishi spika. Kazi yake ni kukaa kimya yenyewe. Ikague kwa kuigonga na kifundo cha kidole. Ikilia "ngiiing" kama kengele ya shule, ni mbovu hata kama ina rangi ya dhahabu. Ikitoa "du" fupi na kunyamaza, umepata.

Hapo ndipo uzito unaingia. Kitu kizito ni kigumu kukitingisha. Bomba la chuma tupu linalia. Bomba hilo hilo ukilijaza mchanga mkavu linanyamaza, kwa sababu chembe za mchanga zinasuguana na kuugeuza mtetemo kuwa joto dogo sana.

Na mchanga, wasee, kwani sisi tunakosa mchanga? Mto Voi sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Lakini usiende kuchimba mto kwa ajili ya spika. Omba pale jirani anapojenga, ndoo moja inatosha. Bomba la mraba la inchi 3 lenye kimo cha sentimita 60 linabeba lita 3 na kitu, kama kilo 5 za mchanga. Stendi mbili hazimalizi ndoo ya lita 10. Uchekeche, uanike juani siku mbili tatu hadi uwe unatiririka kama sukari. Jua la Voi litafanya kazi hiyo bila malipo. Ukiujaza na unyevu, chuma kitaoza kutoka ndani na wewe hutaona.

Kwa nini fundi wa hapa anamshinda muuzaji wa mbali

Hii ndiyo hoja yangu kubwa, kwa hivyo isome polepole.

Stendi ni kitu ambacho ubora wake uko kwenye uzito. Na uzito ndio unaolipiwa nauli. Anayetengeneza stendi nje ya nchi ili azisafirishe ana kila sababu ya kuzifanya nyepesi: bomba jembamba, bamba jepesi, skrubu nne, katoni ndogo. Yaani anaondoa kile kile unachokihitaji. Katoni hiyo inashuka bandarini Mombasa, inapita hapa Voi ikielekea Nairobi, kisha inarudishwa Voi kama parseli ya basi. Imetupita, imetusalimia, imerudi ikiwa ghali zaidi. Ukiifungua, inalia "ngiiing."

Fundi wa Voi, Mwatate au Taveta hana shida ya nauli. Chuma kipo, mashine ya kuchomelea ipo, vipimo ni vya sikio lako. Na doo inabaki mtaani.

Mpelekee karatasi yenye haya:

Bamba la juu: lilingane na kitako cha spika au liwe dogo kidogo. Likizidi kwa mbele, linarudisha sauti vibaya na linajaa vumbi.

Nguzo: bomba la mraba la inchi 3. Nguzo moja inatosha kwa spika nyepesi. Kama kila spika inazidi kilo 8 hivi, mwambie aweke mbili.

Bamba la chini: liwe pana kuliko spika pande zote, kwa mfano sentimita 30 kwa 35, na nene, milimita 6 ikiwezekana. Uzito ukae chini. Stendi yenye kichwa kizito ni ajali inayosubiri siku yake.

Tundu la mchanga: liachwe kwenye bamba la juu, na kizibo chake. Achomelee kila kitu kwanza, apake rangi, kisha ndipo wewe ujaze mchanga nyumbani. Usipeleke bomba lililojaa mchanga likachomelewe.

Miguu: tundu nne kwenye pembe za bamba la chini, kila moja na bolti na nati zake, ili uweze kusawazisha. Sakafu zetu nyingi hazijanyooka. Azima pimamaji, ihakikishe pande zote mbili.

Mwambie kabisa kwamba ni kwa ajili ya spika na inatakiwa isimame wima bila kutikisika. Fundi akiambiwa "nitengenezee kitu cha kuwekea redio" atakupa kitu cha kuwekea redio.

Huna hela ya fundi mwezi huu? Tumia bloki za saruji. Bloki ya kawaida ya sentimita 40 kwa 20 kwa 20, ukizilaza tatu moja juu ya nyingine, unapata kimo cha 60. Zinyamazishe kwa kuziunganisha na saruji kidogo ili zisiteleze, zipake rangi, funika juu na kipande cha zulia. Ni nzito kuliko stendi nyingi za dukani. Watu watacheka siku ya kwanza. Siku ya pili watauliza bei ya bloki.

Wapenda urembo, chuma kikikaa kama mguu wa jukwaa la siasa, kizungushie kamba ya katani. Mkonge tunao Mwatate hapo, mashamba na mashamba. Utakuwa na stendi ambayo hakuna mtu wa Nairobi anayo. Ila kama una paka, ataiona kama zawadi yake.

Miguuni na kichwani

Watu wanabishana sana kuhusu miguu yenye ncha na miguu ya mpira. Jibu liko sakafuni kwako. Kama una zulia nene, ncha zinapenya mpaka kwenye saruji na stendi inaacha kuyumba. Kama ni saruji tupu, vigae au karpeti ya plastiki, ncha zitakuharibia sakafu na mwenye nyumba atakukata depositi. Hapo tumia mpira. Fundi wa akala ana vipande vya tairi kuukuu anavyovitupa. Omba vinane, uweke chini ya kila bolti.

Kati ya spika na bamba la juu, usiache kasha likalie chuma. Kata vipande vinne vidogo vya tyubu ya baiskeli, uviweke kwenye pembe. Spika haitelezi na haipigi kelele.

Kama nyumbani kuna mtoto anayejifunza kusimama, atashika chochote kilicho karibu, na stendi itakuwa karibu. Funga waya nyuma ya nguzo usining'inie, funga spika kwenye bamba kwa mkanda. Ukiona bado una wasiwasi, achana na stendi, piga mabano imara ukutani kwa urefu ule ule wa sikio. Spika ya kilo 6 ikianguka kutoka usawa wa kifua, hakuna ubora wa sauti utakaofidia.

Tatu, ukuta

Ukuta ulio nyuma ya spika unairudisha besi kwako na kuiongeza. Kwa nadharia, ukuta mmoja unaweza kuiongeza hadi desibeli 6 huko chini kabisa, na kona inaongeza tena. Ndiyo maana spika iliyosukumwa kwenye kona inanguruma kama lori la Mombasa Road linapanda mlima. Watu wanadhani hiyo ni besi nzuri. Ni kona inayoongea.

Stendi inakupa uhuru wa kuchagua umbali. Kabati halisogei, stendi inasogea. Anza na sentimita 30 kutoka ukutani, sikiliza wimbo unaoujua, ongeza kumi, sikiliza tena. Kama spika ina tundu nyuma, usiliziba kwa ukuta wala pazia. Hakikisha umbali kati ya spika mbili unakaribiana na umbali kutoka kila spika hadi kwako. Pembetatu yenye pande sawa, ile ya darasani.

Najua mtu ananiambia: mimi niko kwenye chumba cha futi 10 kwa 10, kitanda, meko na nguo zote humo humo. Poa. Iwe ni Kaloleni, Sofia au Mwakingali, weka spika mita 1.2 kati yao, na wewe ukae mita 1.2 mbele. Chumba cha mita 3 kina ngurumo yake ya asili kwenye hezi 57 hivi, ambayo inasikika sana ukiwa umeegemea ukuta na inapotea ukikaa katikati kabisa ya chumba. Kwa hivyo usikae kwenye ukuta, na usikae katikati. Jisogeze kidogo tu. Ni bure.

Kwa maprodyuza wa chumbani

Hapa ndipo suala linaacha kuwa la starehe.

Kuna vijana hapa Voi, Wundanyi na Taveta wanaotengeneza midundo kwa laptopu na spika mbili ndogo. Hiyo ni kazi. Mtu amelipa arekodiwe. Sasa kama spika zako zimebanwa ukutani juu ya meza tupu, unasikia besi nyingi kuliko iliyoko ndani ya wimbo. Utafanya nini? Utaipunguza. Unamtumia msanii, anaicheza kwenye matatu ya Wundanyi, na besi haipo, ngoma imekonda. Msanii anaamua prodyuza hajui kazi. Mwezi ujao anaenda kurekodi Mombasa.

Unaweza kuwa na masikio mazuri kabisa, lakini meza ilikudanganya na wewe ukaiamini.

Kuna wajuaji watasema, "mbona Yamaha NS-10 zilikuwa zinalazwa juu ya meza ya studio?" Kweli. NS-10 ilitoka 1978 kama spika ya kawaida ya nyumbani, mainjinia wa studio wakaipenda, wengi wakailaza kwa ubavu juu ya mitambo yao. Lakini studio hizo kubwa mara nyingi zilikuwa na spika nyingine kubwa ukutani, kuta zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na watu waliojua kasoro za kila kimoja. Wewe una spika mbili na ukuta wa jirani. Usiige ulalo, iga umakini.

Na huyo jirani

Tuseme ukweli, vita vingi vya ploti vinaanza na besi. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele na mtetemo uliokithiri tangu 2009, lakini tusifike huko. Mama wa mlango wa pili hahitaji kanuni, anahitaji usingizi.

Stendi inasaidia kwa njia mbili. Ule mtetemo uliokuwa unapita kwenye kabati na kuingia ukutani unapata breki kwenye mchanga na mpira. Pili, ukisikia maneno vizuri huna sababu ya kuongeza sauti. Watu wengi wanaongeza sauti wakitafuta uwazi, si ukubwa. Wakiupata uwazi kwenye namba 12, hawafiki 25.

Lakini nisikudanganye: besi inayopita hewani bado inapenya ukuta mwembamba. Stendi haijengi ukuta. Saa tano usiku, punguza tu.

"Hizo ni mbwembwe za matajiri"

Nusu nakubali. Kuna biashara nzima duniani ya kuuzia watu ncha za shaba na vijiwe vya kuwekea chini ya waya kwa bei ya ng'ombe. Achana nayo. Urefu, uthabiti, uzito, nafasi kutoka ukutani: hayo yana sababu unayoweza kuieleza kwa tepu na kiganja cha mkono. Yasiyoelezeka hivyo, mwachie mwenye pesa za kuchezea.

Sheria yangu ni rahisi. Stendi ikizidi nusu ya bei ya spika zako, rudi kwenye bloki. Na kama koni imepasuka, au amplifaya inakwaruza, stendi haitaifufua. Tengeneza kwanza.

Ila mtu asiniambie sakafuni ni sawa. Mbali na sauti, sakafuni kuna fagio, maji ya kupigia deki, siafu, na lile vumbi letu jekundu, lile lile linalowapaka ndovu wa Tsavo rangi. Likiingia kwenye wufa, halitoki.

Jaribio la kufunga hesabu

Ukishaweka stendi, tafuta Malaika ile ya zamani, aliyoirekodi Fadhili William, msanii mwenye asili ya Taita. Rekodi nyingi za enzi hizo ni za mono, maana yake spika zote mbili zinatoa kitu kimoja. Kaa kwenye kilele cha pembetatu yako, funga macho.

Sauti yake inatakiwa isimame katikati, mahali ambapo hakuna spika yoyote, usawa wa macho yako. Ikivutwa kushoto, spika moja iko karibu na ukuta au na wewe kuliko mwenzake. Ikitokea chini, stendi ni fupi. Ikiwa imetawanyika haina mahali, zielekeze spika kwako kidogo. Sogeza, kaa, sikiliza tena. Nusu saa inatosha.

Kwa hivyo leo jioni, kabla hujaweka tangazo la kuuza spika zako, tafuta tepu na mtu wa kukupimia sikio. Andika namba mbili kwenye karatasi. Kesho asubuhi, mapema kabla fundi hajaanza geti la mtu, umpelekee.